Wapulizaji wakongwe na vifua vyao

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kijiweni kwetu kuna ubishi. Mjomba wangu anapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, tangu ujana wake na hana hata kikohozi. Anasema wapulizaji wakongwe wote anaowajua wana vifua vizima, kwa hiyo habari ya salfa kudhuru kifua ni kutishana tu. Tena kuna vijana walipita na madodoso wakawahoji wapulizaji haohao, wengi wakajibu hawana tatizo. Huo si ushahidi?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba wako hasemi uongo, ila amehesabu waliobaki.

Kazi ile naijua. Alfajiri kabla upepo haujaamka, mashine mgongoni inaunguruma, unga wa njano umemganda mtu kuanzia kope mpaka midomoni. Kijana mwenye pumu akipuliza msimu mmoja akakesha anakohoa, Juni inayofuata haigusi tena mashine. Utamkuta Mtwara mjini anaendesha bodaboda. Sasa mtafiti akifika kijijini akaomba aonyeshwe wapulizaji, ataonyeshwa nani? Wale ambao kazi haikuwashinda. Aliyekimbia hamo kwenye dodoso, na kikohozi chake hakimo.

Si jambo la Newala peke yake. Kule Uingereza, tabibu na mtakwimu William Ogle aliliona mwaka 1885 alipolinganisha vifo vya watu wa kazi mbalimbali: kazi nzito huvuta wenye nguvu na kuwatema wanyonge, hata ukitazama vifo peke yake utadhani kazi yenyewe ni dawa.

Ningetumwa mimi, ningekaa kwanza na wazee, niandike kila aliyewahi kubeba mashine hapo kijijini, awe anapuliza bado au ameshaacha, kisha niwafuate mmoja mmoja waliko. Inachosha na inakula nauli, ndiyo maana wengi huikwepa.

Halafu kuna majibu yenyewe. Nimewahi kuzunguka na madodoso vijijini Lindi. Mtu akihisi umekuja kutafuta sababu ya kuwanyima pembejeo, atakwambia wote wazima kabisa. Akihisi unagawa barakoa za bure, ataanza kukohoa kabla hujakaa kwenye mkeka! Na mhojaji naye ana yake: "Salfa haikusumbui, sivyo?" Hapo ameshajijibu.

Kumbukumbu nazo zina upande. Mama mwenye mtoto wa pumu atakutajia kila siku aliyopita karibu na shamba likipulizwa. Jirani yake ambaye wanawe ni wazima hakumbuki hata mwaka. Huenda walivuta unga uleule.

Lakini usirudi kijiweni ukasema Shangazi kathibitisha kwamba salfa inaleta pumu. Sikusema. Wapo wapulizaji wanaovuta sigara, na wapo wanaolala penye moshi wa kuni. Asiyeyatenganisha hayo ataisingizia salfa mzigo usio wake.

Muulize mjomba swali moja tu: wale alioanza nao kupulizia wako wapi leo, na walioacha waliacha kwa nini? Awataje kwa majina, si "wote wazima". Na barakoa avae, na macho ayakinge. Unga ule huwasha macho na koo hata kwa mwenye kifua kizima, na hilo yeye mwenyewe hawezi kulibishia.