Maswali ya Wasomaji: Mwalimu anunue tableti, au abaki na simu yake?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari ya komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi. Siku hizi mtaala na vitabu vingi tunatumiwa kwa simu katika mafaili ya PDF, nami usiku ninasoma huku nikivuta herufi kwa vidole mpaka macho yananiwasha. Zamu yangu ya likilimba, yaani mchango wa kupokezana, imefika na nimepata dola 180. Mume wangu anashauri tununue kompyuta ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, binti yetu wa mwaka wa sita anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa anataka tableti, na kuna kijana sokoni anayeniuzia tableti mpya ya gigabaiti 512 kwa dola 85 tu. Kwetu umeme mara nyingi huja usiku wa manane, na kuna siku hauji kabisa. Je, ninunue?

Mama Mwalimu, Katuba

JIBU

Mama Mwalimu, nunua tableti, lakini si hiyo ya dola 85.

Naanzia kwenye macho yako, kwa kuwa ndiyo yaliyokufanya uandike. Ukurasa wa A4, ambao ndio umbo la mafaili mengi unayotumiwa, una upana wa sentimita 21. Simu yenye kioo cha inchi 6.5 ina upana wa karibu sentimita 7 tu, kwa hiyo ukurasa mzima hubanwa hadi theluthi moja, na herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 unaisoma kana kwamba imechapwa kwa 4. Tableti ya inchi 8 inakupa nusu ya ukubwa halisi, na ya inchi 10 inakupa karibu theluthi mbili. Tena hiyo ya inchi 10 ukiilaza, upana wake hufika karibu sentimita 22, ambapo ukurasa unaonekana kwa ukubwa wake kamili, ingawa kwa sehemu, na majina madogo yaliyoandikwa pembeni mwa mchoro wa figo au wa seli yanasomeka bila kuvutwa. Kwa sababu hiyo nakuomba usishuke chini ya inchi 10, hata kama ya inchi 8 inaingia vizuri zaidi mkobani.

Baba watoto naye hakukosea. Kama kazi yako kubwa ingekuwa kuandika, kwa mfano kupiga chapa fishi (maandalio) za masomo na kujumlisha pointi za darasa zima katika majedwali, ningekuambia umsikilize yeye, kwani kuandika kurasa nyingi kwa kugusa kioo kunachosha sana. Lakini umeandika kwamba unasoma. Pia kompyuta nyingi za okazioni za bei hiyo hufika na betri iliyokwisha nguvu, na delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga, mashine inazimika papo hapo.

Hapo kwenye umeme ndipo tableti inapokufaa zaidi. Betri ya kawaida ya tableti ya inchi 10, ya mAh 7,000 hivi (kipimo cha ukubwa wa betri), hubeba kiasi cha wati-saa 27, wakati kompyuta ya mkononi huhitaji mara nyingi 45 au 50 ili ijae. Paneli ndogo ya jua ya wati 20, pamoja na kifaa chake cha kutoa umeme wa USB, inaweza kuijaza kwa siku moja ya jua zuri, na kuanzia Mei hadi Septemba jua la namna hiyo hapa Lubumbashi tunalo karibu kila siku. Betri ya akiba iliyoandikwa mAh 10,000 nayo itaijaza mara moja au pungufu kidogo, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani. Ukiichaji kwa umeme wa nyumba, ichomoe umeme unapokatika, kisha usubiri dakika kadhaa baada ya kurudi, maana mara nyingi hurudi kwa kishindo na kuunguza chaja.

Sasa hiyo gigabaiti 512. Hifadhi kubwa namna hiyo peke yake ina gharama, na kwa dola 85, tena mpya, karibu kila mara ni namba ya uongo iliyopandikizwa katika programu ya mashine. Ukifungua mipangilio utaiona 512 imeandikwa vizuri kabisa, lakini ukianza kuweka mafaili, yale yanayozidi nafasi ya kweli yanaharibika au yanafuta yaliyotangulia. Usimgombeze kijana, huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Tafuta iliyo na gigabaiti 64 za kweli, kumbukumbu ya kazi (RAM) isiyopungua gigabaiti 4, na tundu la kadi ya kuongezea nafasi. iPad ni mashine nzuri, lakini haina tundu hilo, na kwa dola zako utapata ya zamani tu. Sehemu ya laini ya simu si lazima, kwa kuwa simu uliyo nayo inaweza kuigawia tableti intaneti, nawe ukanunua mega (data) za simu moja.

Ukienda kwenye okazioni, tafadhali usirudie kosa langu. Nilimnunulia mtoto wa dada yangu tableti iliyotoka ng'ambo, safi kama mpya, ikafanya kazi wiki nzima. Siku alipoifuta ili aianze upya na kuiunganisha na intaneti, kioo kilitoka na maandishi kwamba mashine hiyo ni mali ya shule fulani ya huko na inaongozwa nayo kutoka mbali. Tuliomba msaada kila mahali, na mpaka leo imelala kabatini. Niliporudi kwa muuzaji, meza yake haikuwepo tena. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata dola moja, mwombe muuzaji aifute mashine yote mbele yako, uiunganishe na intaneti ya simu yako, na uingie kwa akaunti yako mwenyewe hadi mwisho. Ikiuliza nenosiri la mtu mwingine popote njiani, irudishe. Kisha fungua faili lako zito kuliko yote, upitishe kurasa haraka, na uangalie kwenye mipangilio tarehe ya mwisho ya usasishaji wa usalama. Ikiwa ni ya miaka minne iliyopita, punguza bei au ondoka.

Kuhusu binti yako, itamfaa, mradi muelewane saa za kila mmoja. Mwekee programu iitwayo Kiwix, ambayo ni ya bure, kisha tafuteni siku moja mahali penye waifai nzuri mpakue Wikipedia ya Kifaransa katika toleo dogo lisilo na picha. Baada ya hapo ataisoma usiku bila mega hata moja.

Usizimalize dola zote 180 kwenye mashine. Bakiza za ganda lenye kifuniko, kioo cha kinga na kizibo kidogo cha tundu la chaja, maana vumbi letu jekundu la kiangazi huingia humo na kugandamana mpaka waya hauingii tena.