Maswali ya Wasomaji: Selimundu, Malaria na Damu Tunayorithi

Barua tatu za mwezi huu zimegusa jambo moja kwa njia tofauti, nami nimeona ni vyema zijibiwe pamoja.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka minne, alipimwa hospitalini akaonekana ana selimundu. Mimi na baba yake hatujawahi kuugua ugonjwa huo. Tangu siku hiyo mawifi zangu wanasema damu mbaya imetoka kwetu, kwani upande wao hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hii. Daktari alinidokezea kwamba ugonjwa huu una uhusiano na malaria, lakini foleni ilikuwa ndefu na sikupata nafasi ya kumuuliza zaidi. Ni uhusiano gani huo? Na je, ni kweli kwamba mimi ndiye niliyempa? – Mama Watatu, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Nitaanza na lile linalokuuma. Mtoto haugui selimundu kwa kurithi upande mmoja peke yake. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, moja ya mama na moja ya baba, na mwanao amepata nakala yenye mundu, yaani yenye kasoro iletayo ugonjwa huu, kutoka kwako na nyingine kutoka kwa baba yake. Ninyi wawili mna nakala moja ya mundu na moja ya kawaida, hali ambayo hospitalini huandikwa AS, na ndiyo maana hamuugui. Katika kila mimba yenu kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, yaani SS, nafasi mbili kati ya nne ya kupata mtoto aliye kama ninyi, na nafasi moja ya kupata mtoto asiye na mundu kabisa. Kwa kuwa baba wa mtoto aliirithi kwa mmoja wa wazazi wake, kila mmoja wa hao mawifi zako ana uwezekano usiopungua nusu kwa nusu wa kuwa nayo pia. Waende wapimwe, na waende kwa ajili ya watoto wao wenyewe, si kwa ajili ya kushinda ubishi.

Sasa nikueleze kitu chenyewe. Niliwahi kukaribishwa katika maabara moja hapa mjini nikachungulia kwenye hadubini tone la damu ya mtoto mwenye selimundu. Chembe nyekundu zilizo nzima ni za mviringo, zimebonyea katikati kama sinia ndogo, na hupenya katika mishipa myembamba kwa kujikunja na kujikunjua. Katikati ya hizo nikaona nyingine zilizopinda na kuchongoka ncha mbili, zikanikumbusha kotama ya mgema. Chembe kama hizo hukwamana na kuziba njia ya damu, na hapo ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa au vidole vyake vikavimba. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi mara nyingi hazimalizi wiki tatu, na kwa hiyo mtoto hupungukiwa na damu. Yote hayo hutokana na kosa la herufi moja tu katika jeni, ambalo huifanya protini ya himoglobini ibadilishe kiungo kimoja, na himoglobini hiyo inapoishiwa oksijeni hujishikanisha nyuzi kwa nyuzi.

Jeni inayoua watoto ilipaswa kupotea zamani. Aliyeona sababu ya kutopotea kwake ni Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya. Mwaka wa 1949 alizunguka nchi akipima damu za watu, akagundua kwamba mundu ilikuwa imeenea sana hapa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba watoto wenye nakala moja ya mundu walikuwa na kinga dhidi ya malaria, na tafiti za baadaye, zikiwemo zile za Kilifi, zimeonyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu na kula himoglobini, lakini kikiingia katika chembe ya mtu mwenye AS hukuta makao magumu: penye oksijeni kidogo hudumaa, na chembe yenyewe huelekea kupinda, wengu ukaitambua na kuiondoa pamoja na kimelea kilichomo. Kwa hiyo, kwa maelfu ya miaka, watoto wa AS ndio waliopona homa za masika wakakua na kuzaa, na jeni ikaendelea kupita kizazi hadi kizazi pamoja na gharama yake.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa mawifi zako wausikie. Mwaka wa 2018, Daniel Shriner na Charles Rotimi, watafiti walioko Marekani, walichunguza jeni za watu wengi wenye mundu, wakahitimisha kwamba mundu zote zilizopo leo zinaweza kurudishwa nyuma hadi kwa mtu mmoja, aliyezaliwa Afrika yapata miaka 7,300 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na Likoni wala Kisiwa cha Mvita kama mji, wala ukoo wenu wala ukoo wao. Nakala uliyompa mwanao na nakala aliyompa baba yake ni za asili moja, zimekutana tena baada ya kuzunguka bara zima.

Lililo muhimu zaidi ni mtoto mwenyewe. Usidhani kwamba kwa kuwa ana mundu mbili basi kinga yake dhidi ya malaria ni mara mbili. Kwake yeye malaria ni hatari kubwa, kwa sababu damu yake ni chache tangu mwanzo. Wengu wake pia huharibika mapema, na bakteria wa nimonia wakiingia katika damu hukosa wa kuwazuia. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka wa 2009 kwamba hatari ya maambukizi ya bakteria katika damu kwa watoto wa SS ilikuwa zaidi ya mara 20 ikilinganishwa na ya watoto wengine. Mhakikishie chanjo zote, mlaze ndani ya neti kila usiku, uliza kliniki kuhusu penisilini ya kinga na dawa za kuzuia malaria, na homa ikimpanda usisubiri kupambazuke. Uliza pia kuhusu dawa iitwayo haidroksiurea. Katika utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2019, watoto wapatao 600 waliitumia, na maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Ni dawa inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo itolewe na daktari, isinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

SWALI: Nafundisha bayolojia katika shule ya sekondari Changamwe. Nilipofundisha uteuzi asilia kwa mfano wa selimundu, mwanafunzi mmoja aliniuliza: ikiwa damu ya binadamu ilibadilika ili kujikinga, kwa nini kimelea nacho hakijabadilika? Sikuwa na jibu la kumridhisha. – Mwalimu, Changamwe

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo, kwa sababu swali lake ndilo lililojibiwa juzijuzi tu. Gavin Band na wenzake walisoma kwa pamoja jeni za watoto 3,346 wa Gambia na Kenya waliolazwa kwa malaria kali na jeni za vimelea vilivyokuwa ndani ya damu zao, kazi iliyochapishwa mwaka wa 2022. Ubora wa kazi hiyo umo katika kule kuangalia pande zote mbili za ugonjwa kwa mgonjwa yule yule, kwani kwa miaka mingi watafiti wa damu na watafiti wa vimelea walifanya kazi kila mmoja chumba chake. Walikuta sehemu tatu katika jeni za kimelea ambazo zina maumbile mawili, na watoto wachache wenye mundu waliougua malaria kali walikuwa karibu wote wameambukizwa na vimelea vyenye umbile moja maalumu. Dhidi ya vimelea hivyo, kinga ya mundu ilionekana kuwa dhaifu sana. Zaidi ya hayo, umbile hilo limeenea zaidi katika sehemu za Afrika ambako mundu imeenea. Kimelea, basi, kimebadilika.

Mwambie pia kwamba mundu si silaha pekee ya damu yetu. Hapa jirani, Kilifi, kuna aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu sana kwingineko duniani. Mwenye nakala mbili za Dantu hatari yake ya malaria kali hupungua kwa takriban asilimia 74. Mwaka wa 2020 watafiti walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi wasio wagonjwa, wakatazama kwa video jinsi kimelea kinavyojaribu kuingia katika chembe. Waliona kwamba utando wa chembe za Dantu umekazwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa ikawambika, na ukikazwa kupita kiwango fulani kimelea hushindwa kupenya. Mimi hupendezwa na tofauti iliyopo hapa, na labda darasa lako litapendezwa pia: mundu hukiacha kimelea kiingie kisha hukitaabisha ndani, ilhali Dantu hukifungia mlango, na watu wenye Dantu hawaonekani kulipa kwa ugonjwa kama ule wa SS.

SWALI: Nimepimwa nikaambiwa nina AS. Naishi Mtwapa na nina mpango wa kuoa mwaka huu. Rafiki zangu wananiambia mimi sihitaji tena neti. Ni kweli? – Kijana, Mtwapa

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Nakala moja ya mundu hukinga zaidi dhidi ya malaria ile kali inayoua watoto wadogo. Haizuii mbu kukuuma, haizuii kimelea kuingia mwilini mwako, na unaweza kuugua homa ya kawaida au kuwa na vimelea damuni ukiwa mzima kabisa, mbu akakuuma na kuvipeleka kwa mtoto wa jirani. Ulale ndani ya neti. Kuhusu ndoa, mwambie mchumba wako hali yako mapema, kabla ya mahari, naye apimwe himoglobini yake. Akiwa AA, yaani hana mundu kabisa, hakuna mtoto wenu atakayeugua selimundu. Akiwa AS, someni pamoja jibu nililompa mama wa Likoni hapo juu, kisha mkamwone mshauri wa kliniki mkiwa wawili.