Maswali yenu: mchuzi wa hotdogi na picha za kututoa udenda

*Ndugu yangu aliyeko Marekani haachi kuisifu coney ya Detroit. Ina nini?*

Ina mchuzi. Coney ni hotdogi, yaani soseji ndani ya mkate. Soseji yake ina ngozi inayopasuka ukiing'ata, lakini kinachowapanga watu foleni ni ule mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, wenye pilipili na bizari nyembamba, bila punje ya maharage. Juu yake haradali ya njano, kisha kitunguu kibichi. Walioianza biashara hiyo ni wahamiaji wa Kigiriki. Mgahawa wa American Coney Island wa Gust Keros upo tangu 1917, na mgahawa wa Lafayette uko ukuta kwa ukuta nao. Wenyeji hubishana ipi bora kama sisi na Simba na Yanga.

Ila asikudanganye kwamba mchuzi ni mmoja. Nenda Flint, jimbo hilohilo la Michigan, utaukuta mkavu, na umepikwa kwa moyo wa ng'ombe uliosagwa. Cincinnati, Ohio, ndugu wawili kutoka Macedonia, Tom na John Kiradjieff, walifungua mgahawa wa Empress mwaka 1922. Mchuzi wa huko unanukia mdalasini, na hufunikwa kwa lundo la jibini. Mla pilau angeanzia hapo.

*Mbona kwenye tangazo inang'aa, nikiletewa imelala?*

Kwa sababu mchuzi huu, tuseme ukweli, hauna sura. Ni rojo la kahawia. Uzuri wake uko kwenye harufu, na kamera hainusi. Basi wapambaji wa vyakula hupaka soseji mafuta, huchora haradali kwa bomba la sindano, na ule mvuke huweza kuwa pamba iliyoloweshwa maji ya moto ikafichwa nyuma ya sahani. Wengine walipitiliza: kampuni ya supu ya Campbell's waliweka gololi chini ya bakuli ili mboga za supu zielee juu, na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikawabana, kesi ikaisha 1970. Mafuta nayasamehe. Gololi, hapana.

*Sisi hatuli nguruwe. Tutaupataje?*

Soseji nyingi za huko huchanganya ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo ulizeni kwanza. Mchuzi wenyewe pikeni nyumbani: nyama mbichi ya kusaga ivurugeni kwenye maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo muinjike. Tieni kitunguu, pilipili ya unga na bizari nyembamba, moto mdogo, hadi ushike kijiko.