Kundi lenu kukwama kwenye The Vegetarian

Dada, umeuliza mfanyeje na kundi lenu la kusoma vitabu; wenzio kuachia katikati The Vegetarian, riwaya ya Mkorea Han Kang, na kikao kugeuka umbea ni kawaida, kile kitabu kizito bana, nyie mmeanzia pagumu. Kiwekeni kando kwanza mchukue Kim Jiyoung, Born 1982 ya Cho Nam-joo, kifupi, na ile stori ya mwanamke anaacha kazi alee mtoto halafu bado watu wanamsema, kila mtu atakuwa na la kuchangia, hata wale wanaokujaga kunywa chai tu. Mkirudi kwa Han Kang waulize, mbona tunamwona Yeong-hye, yule mhusika mkuu, kwa macho ya mume, ya shemeji, ya dada yake, ila mwenyewe anabakiziwa ndoto tu? Hapo mtabishana mpaka usiku. Majina ya Kikorea yakiwachanganya, la ukoo ndo linatangulia.