Mizani Hushikwa kwa Sikio

Vijana wa hapa Kigoma hunitumia mashairi yao kwenye simu, na wengi huuliza swali moja: nianzie wapi? Jibu langu ni lile nililopewa na wazee wa Ujiji walionifunza. Kabla hujashika kalamu, tafuta mashairi ya waliokutangulia uyaghani, yaani uyasome kwa sauti ya kuimba, mpaka mapigo yake yakukae mdomoni. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji mwaka 1924, ndiye aliyetuandikia *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Kwake yeye shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Naona fahari kwamba kitabu hicho kimetoka kwa mtu wa mji huu, na inaniuma kukutana na kijana wa Ujiji ambaye hajawahi kulisikia jina lake.

Ukishazoea kughani, anza na tarbia: ubeti wa mishororo, yaani mistari, minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani nane, maana yake silabi nane. Hesabu kwa vidole huku ukitamka. Usihesabu herufi. "Mgebuka", yule samaki wa ziwa letu, ina mizani nne kwa sababu ile m husimama peke yake. "Nyumba" ina mbili, na "nchi" pia ina mbili ingawa ni fupi machoni.

Tuseme umesimama ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, usiku, taa za wavuvi zimejaa majini, ukaandika: "Taa zinang'aa ziwani, watu wanavua dagaa." Picha umeipata, lakini kila kipande kina mizani tisa. Wengi hapo hukata neno ovyo mpaka sentensi ikachechemea. Hakuna haja, maana Kiswahili chenyewe kimekuachia njia: "zinang'aa" iwe "zang'aa", "wanavua" iwe "wavua". Maana haijaguswa, na mizani zimetimia:

Taa zang'aa ziwani, watu wavua dagaa,
Wanawake ufukweni, wangoja bila kukaa.

Utazame huo mshororo wa pili, kwa sababu vina, yaani silabi za kufanana mwishoni mwa vipande, ndivyo vinavyowaponza watunzi wachanga kuliko mizani. Kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "a". Ungeweza kuorodhesha maneno yote yanayoishia hivyo kisha ukayapachika, na ubeti ungekuwa sahihi kwa hesabu lakini hauna kitu ndani. Mimi hujiuliza kwanza: nani mwingine yupo hapa? Wapo akina mama wanaosubiri mitumbwi irudi wapate dagaa wa kuanika. Nikishawaona wao, ndipo natafuta namna ya kuwasema itakayoangukia kwenye kina. Kina kikikataa, nabadilisha mpangilio wa maneno, au naacha kina chenyewe na kuanza ubeti upya. Akina mama siwaondoi.

Jihadhari pia na maneno ya kujazia, kama "mno", "kweli" na "jamani". Yakiwa na kazi, yaache. Yakiwa yameletwa kufikisha nane tu, msikilizaji atayahisi hata kama hajui kanuni hata moja.

Kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudi katika kila ubeti, kitunge mapema, ikiwezekana kabla ya ubeti wa kwanza, kwa kuwa ndicho utakachokirudia na ndicho watu watakachoondoka nacho. Ukishindwa kusema hoja yako kwa mizani kumi na sita, huenda bado hujaijua.

Mashairi huru, yasiyofungwa na mizani wala vina, sina ugomvi nayo, na yapo ninayoyapenda sana. Ila sikio lililozoea mizani humsaidia mtunzi hata anapoamua kuziacha.

Ukimaliza, usijisomee mwenyewe, kwa sababu ulimi wako utayapitia makosa yako bila kukwama. Mpe mwenzako aghani, wewe kaa na kalamu usikilize. Pale atakaposita, tia alama, usimwambie ulikusudia nini. Kifanyie kazi kipande hicho jioni ileile, kisha umrudishie aghani tena.