Sifa ya chombo

Ndugu uliyeuliza jana umwandikie vipi marehemu mamako shairi lisifanane na salamu za rambirambi za redioni, pole sana. Nitakujibu kwa lililonifika mwenyewe hapa Lamu.

Babangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Alipofariki tukasoma hitma, watu wakatawanyika, na usiku uleule nikashika kalamu. Beti kumi na mbili! Simanzi, majonzi, nguzo imeanguka, machozi kama bahari. Vina vimekaa, mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mshororo. Nikampelekea ami, anayehesabu mizani kwa vidole huku tasbihi inaning'inia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Nduyangu yuko wapi humu? Sifa umetia tele, na ile sifa ya chombo i wapi?"

Kwa ndugu wa bara: sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa chombo ili mbao zidumu. Harufu yake haitoki nguoni. Babangu alinuka sifa hata siku ya Idi, na udi wote wa mama haukufua dafu.

Nilirudi nyumbani nikazichana zote. Baada ya wiki mbili nilikuwa na ubeti mmoja tu:

Tezo yako mlangoni, hukuja kuichukua
Sifa imo kikoini, mama hataki kufua
Mataruma yako pwani, yapasuliwa na jua
Baba niifanye nini, nyumba inayokujua?

Tezo ni kifaa cha fundi cha kuchongea mbao, na mataruma ni mbavu za chombo. Neno huzuni halimo. Ukitazama hata wakongwe wetu walifanya hivyo. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamuusia bintiye naye mwenyewe mama ni mgonjwa, na mapema tu anamwambia asogee, achukue wino na karatasi. Mimi hapo kwenye wino ndipo hunishika koo, kuliko popote anapotaja maradhi yake. Na aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi alituonyesha popo wanaoning'inia katika majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale uliokwisha kuanguka.

Usizidharau mizani pia. Kuna wanaosema vina vinafunga hisia, mimi sikubaliani nao. Dini yetu imetukataza kupiga mayowe juu ya maiti, machozi hayakukatazwa. Basi ukifika mizani ya nane unatua, unavuta pumzi, ndipo unaendelea na kipande cha pili. Nilipokuwa nikighani ule mshororo wa kikoi, sauti ilikatika palepale penye mkato, na hakuna aliyeona ajabu, maana ni mahali pa kutua.

Kwa hiyo kabla hujaandika, ingia chumbani kwa mamako uangalie alichokiacha nusu. Mkeka? Kopo la dawa? Anzia hapo.

Mama alikuwa bado yumo edani nilipomsomea. Alinyamaza kitambo, akavuta mtandio. "Mwanangu, tezo haiko mlangoni. Nimeitia sandukuni tangu juzi, nilikuwa siwezi kuiona."

Nikahesabu kwa vidole: mlangoni, nne. Sandukuni, nne. Nikabadilisha.