Ukurasa wa Kwanza, Kimya

Jumanne usiku, stima ziliporudi huku Mamboleo, Kisumu, na simu ikapata uhai, nilikuta ujumbe wa mhadhiri kijana wa Kakamega. Aliandika: "Dada, habari za jioni. Nimepewa darasa la watu mia mbili na themanini. Leo ndiyo nimegundua mmoja wao haoni. Jumatatu nafundisha michoro. Nifanyeje?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe zamani, ila wakati wangu nililiuliza wiki ya kumi na moja ya muhula. Kwa hiyo mdogo wangu, wewe uko mbele yangu tayari. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa 2017, mwaka ule wa migomo ya wahadhiri na uchaguzi wa Agosti, mihadhara tunaikimbiza kama tunaofukuzwa. Nilikuwa nafundisha utangulizi wa uchumi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, maana wengi wa wakati ule bado wapo. Kijana mmoja alikuwa anakaa mstari wa mbele, fimbo yake nyeupe ameikunja na kuiweka chini ya kiti. Nilimpenda. Tena nilijivunia kuwa naye. Wakati wa chai niliwaambia wenzangu, "Mimi nina mwanafunzi asiyeona, na tunaelewana vizuri sana." Sasa hivi nikikumbuka naona aibu. Tulielewana kwa maana moja tu: hakuwahi kulalamika.

Darasani nilisimama mbele ya projekta nikasema, "Kama mnavyoona, mstari huu unakutana na huu pale." Pale wapi? Kidole changu kilikuwa kinajua. Noti zangu zilikuwa furushi la fotokopi nililorithi, zimepigiwa mistari kwa kalamu ya watu watatu tofauti. Nilizipeleka kwa kijana wa saiba karibu na steji, akaziskani, nikazituma kwenye kundi la darasa nikiamini nimewafanyia hisani.

Wiki ya kumi na moja alikuja ofisini. Hakuketi hata nilipomkaribisha. Alitoa simu, akanipa kisikizi kimoja, akasema, "Mwalimu, sikiliza noti zako." Sauti ya simu ikasema: "Ukurasa wa kwanza." Kimya. Akapitisha kidole. "Ukurasa wa pili." Kimya. "Ukurasa wa tatu." Nilisikiliza mpaka wa sita, sijui nilikuwa natarajia nini. Ukurasa ulioskaniwa ni picha, kama picha ya harusi. Macho yetu yanaona herufi humo, lakini programu ya kusoma skrini haioni herufi hata moja.

Nikamuuliza alikuwa anasomaje miezi yote hiyo. Rafiki yake wa hosteli humsomea usiku, akiwa hajachoka. Wakifika kwenye mchoro, rafiki husema, "Hapa kuna mchoro," kisha anafungua ukurasa unaofuata.

Kwenye mtihani nikamwongezea nusu saa. Nilijiona mtu mwema. Nusu saa ya ziada ya kujibu mambo ambayo hakuwahi kuyasoma! Swali la tatu lilisema "chora na ueleze". Alieleza, na alieleza vizuri, kwa kompyuta. Pa kuchora akaacha wazi. Nikaweka sifuri ya kalamu nyekundu, kwa mkono huu huu ninaoandikia. Alipata 38. Alama ya kufaulu ni 40.

Muhula uliofuata hakuwepo. Alihamia chuo kingine akasomea ualimu, na nasikia anafundisha historia sekondari na wanafunzi wanampenda. Niliwahi kumpigia simu niombe radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ileile, akasema, "Mwalimu, hayo yalishapita." Afadhali angenitukana.

Nasimulia kwa urefu kwa sababu wasomaji wengi wa hapa ni wahadhiri wenzangu, na najua tunavyopenda kujibu: "Angesema mapema." Nilisema hivyo mwaka mzima. Lakini hebu jiweke kwenye viatu vya mtoto wa miaka kumi na tisa, mgeni mjini, amekaa mbele ya mtu anayeshikilia alama zake, halafu aanze kumwambia kwamba noti zake ni mbovu. Wengi hawatasema. Mwenye kusoma kwa shida kwa sababu herufi zinamchezea hatasema, maana alishaitwa mjinga tangu darasa la tatu. Mwenye ualbino ataomba tu kukaa mbele, na akifika mbele bado haoni maandishi yako ya kijani kwenye ubao mweupe. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na vifaa vya kumwezesha, na inataja Lugha ya Ishara na Breli. Haikusema "akiomba kwa unyenyekevu".

Kilichonibadilisha hasa hakikuwa wema. Ilikuwa Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wangu walitawanyika, wengine Nyando, wengine Mbita, mmoja hadi Lodwar, na lile furushi langu lililoskaniwa likawa zigo. Picha huwa nzito, maandishi huwa mepesi. Wakaanza kuniandikia kwamba faili limekula bando lote kabla halijafunguka. Ndipo nikakaa, kwa hasira kusema kweli, nikachapa upya sura zote kumi na moja. Ilinichukua kuanzia Aprili hadi Julai. Faili jipya lilifunguka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa.

Na hapo nikashangaa. Mwanafunzi aliyekuwa akibeba abiria kwa boda Kondele aliniambia anaiachia simu imsomee noti akisubiri wateja. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alisema hivyo hivyo: anasikiliza huku ananyonyesha. Kitu kilekile alichokihitaji yule kijana mwaka 2017, kila mtu alikuwa anakihitaji. Ningekifanya kwa ajili yake, ningewafaa mia mbili. Sikukifanya kwa mmoja kwa sababu nilihesabu ni mmoja.

Baadaye kwenye semina nikaambiwa jambo hili lina jina, ubunifu wa ufundishaji kwa wote, na kwamba kuna shirika la CAST kule Massachusetts, Marekani, lililoanza 1984, ambalo limekuwa likiandika miongozo yake. Kwa ufupi wanasema: wape watu njia zaidi ya moja ya kupata maarifa, njia zaidi ya moja ya kuonyesha wanachojua, na njia zaidi ya moja ya kuvutiwa na somo. Semina yenyewe ilichosha na chakula kilichelewa, lakini hayo matatu nimeyashika.

Usidhani hapo nikawa mtakatifu. Nilinogewa na sauti. Nikaanza kutuma maelezo kwa sauti kwenye WhatsApp, dakika kumi, dakika kumi na tano, nikijipongeza. Kwenye kundi kulikuwa na msichana kiziwi. Nilifungua mlango mmoja nikaukomea mwingine, tena bila kuangalia nyuma.

Tuliporudi madarasani alikuja na mkalimani, na huyo mkalimani ndiye aliyenifundisha kazi. Jambo la kwanza: nipe noti siku mbili kabla, kwa sababu maneno yenu mengi hayana ishara. La pili: usiongee huku umeupa darasa mgongo. La tatu, ambalo sikuwahi kulifikiria: mtu hawezi kuangalia mikono yangu na kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyamaza kidogo. Wiki ya unyumbufu wa uhitaji, yaani bei ikipanda watu wanapunguza kununua kwa kiasi gani, mkalimani alisimama akasema neno hilo analitaja herufi kwa herufi na mikono inamuuma. Yule msichana akafikiri. Kisha akashika mpira wa kufungia pesa usioonekana, katikati ya vidole vya mikono miwili, akauvuta, akauachia. Chumvi: akauvuta kidogo sana. Soda: akauvuta hadi mabegani. Darasa zima likashika. Mpaka leo nafundisha mada hiyo kwa mpira huo, hata kusipokuwa na kiziwi.

Mwaka 2022 akaja binti asiyeona kutoka Siaya. Safari hii nilikuwa nimejiandaa, na hapa niruhusuni nijisifu. Nilinunua karatasi ya manila, gundi na uzi wa katani pale Kibuye. Mihimili miwili ya mchoro, wa bei na wa kiasi, nikaitengeneza kwa vijiti vya mishikaki, mstari wa uhitaji, ule unaoonyesha watu wananunua kiasi gani kwa kila bei, nikaubandika kwa uzi, gundi ikakauka usiku kucha. Asubuhi akaupitisha kidole toka juu kushoto hadi chini kulia, akarudia, akarudia tena. "Kumbe una tumbo," akasema. "Siku zote nilidhani ni kamba iliyonyooshwa. Kwa nini una tumbo?" Darasa la watu mia mbili wenye macho, miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini mstari ule umepinda. Mwisho wa muhula alipata B, na ilikuwa B ya haki.

Kuna mwenzangu ambaye bado husema "unawalegezea". Mimi humuuliza: mtihani wako unapima nini? Kama unapima uchumi, basi usipime macho wala kasi ya kuandika kwa mkono. Swali langu la tatu siku hizi linasema "eleza kwa mchoro, kwa maneno au kwa jedwali la namba". Alama ni zile zile kumi, na wanaofeli bado wanafeli, msiwe na wasiwasi.

Tena usidhani habari hii ni ya ulemavu peke yake. Kwa miaka nimefundisha ugavi, yaani wingi wa bidhaa unaoletwa sokoni, kwa mfano wa omena, dagaa wetu wa ziwani: mbalamwezi ikiwaka, omena hawajikusanyi kwenye taa za wavuvi, mzigo unapungua ufuoni na bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, inapanda. Mfano mtamu, kila mtu anacheka. Hadi mwanafunzi wa Mandera alipobaki nyuma na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, omena ni nini?" Sasa natoa mifano miwili, omena na maziwa ya ngamia wakati wa kiangazi, na watu wa ziwani ndio wanaotoa macho.

Haya, Jumatatu yako. Tuma maandishi, si picha ya maandishi. Ukichapa kwenye Word, vichwa vya sura vipe mtindo wa kichwa uliomo mle ndani, usikoleze wino tu, maana anayetumia programu ya kusoma huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopekua kurasa. Programu ya kusoma skrini ya kompyuta iitwayo NVDA ni ya bure, ilianzia Australia mwaka 2006. Simu nyingi za Android zina ya kwao tayari, TalkBack. Iwashe wewe mwenyewe, funga macho, usikilize noti zako kwa dakika tano. Kila mchoro uandikie sentensi tatu za kusema una nini. Darasani usiseme "huu" na "pale". Sema "mstari wa uhitaji unaoteremka kutoka kushoto". Na tuma maandishi. Nimeshasema? Nasema tena. Kabla ya yote, muulize yeye mwenyewe anasomaje, faraghani, bila sauti ya huruma.

Muhula huu nina kijana wa magongo, na darasa nililopangiwa lilikuwa ghorofa ya pili, lifti hamna. Niliandika barua, barua ikalala. Basi nikabadilishana chumba na mwenzangu wa hisabati, akanidai samaki mzima, ngege, na ugali, nikalipa. Chumba tulichopata kiko chini karibu na kantini, kinanukia vitunguu kuanzia saa nne, na projekta yake imekufa. Kesho saa mbili tunaanza bila projekta. Noti walizipata tangu Ijumaa.